"Mkayamalize Nyumbani": Siasa Tunayoikimbia Mtaani Kwetu



Leo naomba mniruhusu nitoke kidogo kwenye Katiba Mpya na Tume Huru. Sijavichoka, na mwisho wa makala hii tutarudi huko huko. Ila leo nataka tupitie mlango ambao huwa hatuupiti, mlango wa ofisi ya serikali ya mtaa.

Mwaka jana nilipanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi, zile nyumba ambazo ukipiga chafya chumba cha kwanza, cha mwisho wanakupa pole. Vyumba viwili kutoka changu aliishi baba mmoja na mkewe na watoto watatu. Wa kwanza alikuwa wa kiume, yuko darasa la nne. Baba akirudi na hasira zake za huko alikotoka, wa kwanza kuzipokea alikuwa mama. Mama akiponyoka akakimbilia kwa jirani, anayebaki kuzipokea ni yule mtoto. Mkanda, waya wa pasi, chochote kilicho karibu. Nyumba nzima tulikuwa tunasikia. Asubuhi tunakutana bombani tunasalimiana, "Umeamkaje?", "Salama," maisha yanaendelea.

Na mimi nilifanya nini? Nilivaa hedifoni. Nisiwadanganye. Muhula ule ule nilikuwa nasoma sheria ya familia, na kwenye mtihani likaja swali kuhusu wajibu wa jamii katika kumlinda mtoto. Nikajibu vizuri sana, nikataja kifungu, nikaeleza kila kipengele. Nikapata A. Yaani mtoto analia ukuta wa pili, mimi niko kitandani nakariri kifungu cha kumlinda yeye.

Siku moja mkono wa yule mtoto ulivimba mpaka akashindwa kushika kalamu shuleni. Jioni mama yake akanigongea. "Dada mwanasheria, nisindikize kwa mwenyekiti." Jina hilo la mwanasheria sikulistahili, si kwa cheti wala kwa vitendo. Lakini nilikwenda.

Mwenyekiti wa mtaa ni mzee mpole, alitukaribisha vizuri, akatupa viti. Akasikiliza kama dakika tano. Kisha akasema, "Mama, haya ni mambo ya ndani. Mwenzio naye kachoka na maisha, hali unaijua. Mkayamalize nyumbani, mimi nitamwita nimuonye." Mtoto muda wote alikuwa amesimama pale pembeni, amejishika mkono. Hakuna aliyemuuliza lolote. Hata jina hakuulizwa.

Ukutani, nyuma ya kiti cha mwenyekiti, kulikuwa na karatasi imebandikwa: Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto, majina na namba za simu. Karatasi imeshageuka rangi. Nikauliza, "Mzee, hii kamati inakaa lini?" Akatabasamu. "Hiyo ilikuwa ya mradi, mwanangu." Njiani mama akaniambia mmoja wa wale walioandikwa alishafariki, na mwingine alihama mtaa zamani.

Ilikuwa ya mradi. Sentensi hiyo imenikaa kichwani mpaka leo, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Hili si jambo la nyumba moja

Kabla mtu hajasema namzungumzia baba mmoja mkorofi, tuangalie hali ya nchi. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kufanya utafiti wa kitaifa unaopima kwa pamoja ukatili wa kingono, wa kimwili na wa kihisia dhidi ya watoto. Ulifanyika 2009, ukatolewa 2011. Ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Kwa ukatili wa kimwili, ni karibu robo tatu ya wote, wa kike na wa kiume. Hebu hesabuni viti vya darasa mlilosoma la nne.

Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015/16 nao ukaonyesha kuwa wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walishafanyiwa ukatili wa kimwili. Na kuna takwimu nyingine kwenye utafiti huo huo inayoniuma zaidi. Watu waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu yoyote kati ya hizi: kaunguza chakula, kabishana naye, katoka bila kuaga, hakutunza watoto, kamnyima unyumba. Wanaume waliokubali walau sababu moja walikuwa asilimia 40. Wanawake walikuwa asilimia 58. Wanaopigwa ndio wanaokubali zaidi kwamba kipigo kina haki yake. Hapo ndipo tulipofikishwa na "mkayamalize nyumbani" ya vizazi na vizazi.

Yule mama hakwenda kuomba fadhila

Sasa niwaambie jambo ambalo nililijua kwa ajili ya mtihani, nikashindwa kulisema mbele ya mwenyekiti kwa uoga.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, kifungu cha 95, inasema mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Soma tena: mwanajamii yeyote. Si mama peke yake, si mwalimu peke yake. Mpangaji wa chumba cha jirani mwenye hedifoni masikioni naye yumo. Kifungu cha 94 kinaibebesha mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto katika eneo lake. Kifungu cha 13 kinakataza mtu yeyote kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili, ya kinyama au ya kumdhalilisha. Sheria hiyo inaruhusu mzazi kumrudi mtoto, lakini si kwa namna au kiasi kisicholingana na umri wake na hali yake ya mwili na akili. Waya wa pasi hauingii kwenye "kumrudi" kwa tafsiri yoyote ile.

Na kwa upande wa mama, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. 1971, ndugu zangu. Wazazi wa wengi wetu walikuwa hawajazaliwa au wananyonya.

Kwa hiyo siku ile mwenyekiti alipokuwa anatusikiliza, hakuwa anatusaidia. Alikuwa kazini. Alitakiwa aandike taarifa, amwite mtendaji, taarifa iende kwa afisa ustawi wa jamii, na kwa kuwa mtoto alikuwa ameumia, sisi tuelekezwe polisi Dawati la Jinsia na Watoto na hospitali. Usuluhishi wa majirani waliogombana juu ya maji machafu, sawa, hiyo ni kazi yake. Lakini hana mamlaka ya kuifuta jinai kwa soda na kupeana mikono. Hata mahakama, pale sheria inapoiruhusu kuhimiza upatanisho, inaruhusiwa kwenye makosa madogo ya kibinafsi tu. Kosa kama kumbaka mtoto, ambalo sheria imeliwekea kifungo cha kuanzia miaka 30 na maisha kwa mtoto wa chini ya miaka 10, halina kikao cha ukoo duniani kinachoweza kulimaliza. Na bado vikao hivyo vinakaa. Ng'ombe zinahesabiwa, fedha zinapokelewa, mtoto anahamishiwa kwa shangazi mkoa mwingine, kesi inakosa shahidi.

"Hili si la kisiasa"

Najua kuna watakaosema: dada, hilo ni suala la kijamii, waachie asasi na viongozi wa dini, sisi tupambane na mfumo. Nawajibu: mfumo unaanzia hapo hapo.

Angalieni mama wa kawaida akipigwa usiku anakimbilia wapi kwanza. Maeneo mengi anakwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi ni nani? Ni kiongozi wa shina wa chama tawala. Nchi imeingia vyama vingi 1992, lakini mpaka leo mwanamke aliyevimba jicho anaanza kupeleka shauri lake kwa kiongozi wa chama, ambaye hakuna sheria inayompa mamlaka ya kulisikiliza. Na kama mume wake ni mjumbe mwenzake balozi, au kama mama mwenyewe anajulikana ni wa upande wetu, mnadhani kikao kitaishaje?

Akitoka hapo anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alipatikanaje? Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 mnaukumbuka, wagombea wa upinzani walienguliwa kwa maelfu mpaka vyama vikajitoa. Wa 27 Novemba 2024 mnaukumbuka zaidi, chama kimoja kikatangaziwa zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, mitaa na vitongoji. Mwenyekiti ambaye hakuhitaji kura ya yule mama ili akae kwenye kile kiti, atamwogopa kwa lipi? Kwa nini ahangaike kuitisha kamati? Hapo ndipo Tume Huru inapokutana na mkono uliovimba wa mtoto wa darasa la nne. Hivi ni vitu viwili vinavyotembea pamoja.

Tukienda juu zaidi, Serikali ilizindua Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ule unaoitwa MTAKUWWA, kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 hadi 2021/22, kwa lengo la kupunguza ukatili kwa nusu. Mwaka 2024 ikazindua awamu ya pili. Mpango wenyewe kwenye karatasi ni mzuri, tuseme haki. Kamati zinaanzia kijiji na mtaa, zinapanda kata, halmashauri, mkoa hadi taifa. Tatizo ni kwamba kamati ya mtaa inategemea watu wa kujitolea na afisa ustawi ambaye mara nyingi anahudumia eneo kubwa bila usafiri. Mfadhili akiwepo kuna semina na nauli, mfadhili akiondoka inabaki karatasi ukutani. Hayo ni maamuzi ya bajeti. Halmashauri inayopata mafuta ya kuupeleka msafara wa kiongozi haiwezi kutuambia imekosa mafuta ya kumpeleka afisa ustawi nyumbani kwa mtoto.

Na sheria je? Bara mpaka sasa tunategemea vipande vya Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Ndoa, hatuna sheria mahususi ya ukatili wa majumbani. Uganda wanayo tangu 2010. Kenya wanayo tangu 2015. Kwenye umri wa ndoa, Mahakama Kuu ilishasema 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa. Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo mwaka 2019. Baada ya hapo miaka ikaanza kupita tena. Sasa mtu aniambie hili si la kisiasa.

Mume akifungwa, nani atawalisha watoto?

Hili ndilo swali gumu, na sitaki kulirukia. Yule mama mwenyewe aliniuliza tulipotoka ofisini. Anauza vitumbua asubuhi, kodi analipa mume. "Wakimfunga, sisi mwezi wa tatu tuko barabarani." Sikuwa na jibu. Wanaharakati wa mtandaoni tunaopenda kuandika "mwache, ondoka" tujiulize kama tumewahi kulipa kodi ya chumba cha mtu.

Lakini angalieni swali lenyewe limejengwaje. Limempa mama njia mbili tu: mume afungwe au wao wavumilie. Hizo njia mbili ni chache kwa sababu nchi imechagua ziwe chache. Sheria za wenzetu wa Kenya na Uganda zinaipa mahakama uwezo wa kutoa amri ya ulinzi: mume asisogee, asimguse, asiwatishe, bila kusubiri afungwe. Ndiyo maana naitaka sheria hiyo hapa. Na hata kwa sheria tulizonazo sasa, zipo njia katikati. Afisa ustawi wa jamii anaweza kumwita mzazi, akamwekea masharti, na akikaidi shauri likaenda mahakamani. Mama anaweza kudai matunzo ya watoto hata kama hawaishi pamoja. Shauri la ndoa linaweza kupelekwa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Njia hizo zipo, ila nani amemwambia? Mtu asiyejua njia ya katikati atachagua kuvumilia, kila siku.

Ndiyo maana jirani anayejua ana thamani kuliko semina ya hotelini. Kampala walilijaribu hili. Shirika la Raising Voices lilianzisha mbinu wakaiita kwa neno letu la Kiswahili, SASA. Waliwaandaa watu wa kawaida wa mtaani, wanawake kwa wanaume, wawe wanazungumza na majirani zao kuhusu nguvu ndani ya nyumba: kibarazani, sokoni, kwenye vikao vya wanaume. Watafiti wakalinganisha mitaa iliyofikiwa na ile ambayo haijafikiwa bado, na matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kipigo kutoka kwa wenzi kikiwa chini kwa karibu nusu kwenye mitaa iliyofikiwa. Hawakuleta askari wapya, walileta majirani walioacha kunyamaza. Hapa kwetu Mwanza, Kivulini wamekuwa wakifanya kazi ya aina hii ya kuwaamsha majirani kwa miaka mingi. Tunao pia wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua rasmi. Wako kwenye kata zetu, wengi wetu hatuwajui hata kwa sura.

Na sisi wenyewe

Sasa nifike sehemu ambayo baadhi yenu mtanikasirikia.

Sisi ni watu tunaojua maana ya kupigwa na mwenye nguvu. Tunajua maana ya kwenda kituoni kuripoti mwenzetu kapotea ukaambiwa subiri, au ukageuziwa wewe kibao. Tunapiga kelele, na tuna haki. Lakini ndani ya matawi yetu kuna wanamageuzi wanaorudi nyumbani kutoka kwenye mkutano wa kudai haki, na wanawapiga wake zao. Tunawajua. Na wanapolalamikiwa tunasema nini? "Tusiwape wapinzani wetu silaha." "Huyu ni mpiganaji, ana mchango mkubwa." "Tuyamalize ndani ya chama." Jamani, tofauti ya "tuyamalize ndani ya chama" na "mkayamalize nyumbani" ni ipi? Mimi siioni.

Mtu anayeamini kwamba mkubwa ana haki ya kumpiga mdogo akimkera, huyo kesho mkimpa uwaziri wa mambo ya ndani atatupiga wote. Mazoezi anayafanyia nyumbani. Chama kinachotaka kuaminiwa na polisi wa nchi nzima kianze kuaminiwa na wake na watoto wa wanachama wake.

Kuna jambo la pili. Wengi wetu tunawaambia wafuasi wetu polisi ni adui, halafu binti wa mfuasi huyo huyo anabakwa, familia inaogopa kwenda Dawati la Jinsia kwa sababu kituo ni kile kile walichomwagiwa virungu. Hofu hiyo hatukuitengeneza sisi, imetengenezwa na waliovitumia virungu. Polisi wanaotumika kisiasa wanamnyima mtoto mahali pa kukimbilia, na hilo tulidai kwa sauti. Lakini mpaka watakapobadilika, kazi yetu ni kumsindikiza yule binti mpaka ndani, tukae naye kwenye benchi, tuhakikishe anapewa PF3, tujue jina la askari aliyempokea. Tusimwache nyumbani eti tunasusia.

Tufanye nini

Sipendi makala zinazoishia kwenye "jamii inapaswa kuamka". Haya ni mambo ambayo tawi lolote linaweza kuanza wiki hii bila shilingi ya mfadhili.

Kwanza, nenda ofisi ya mtaa au kijiji chako, uliza Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto. Nani wajumbe? Wamekaa lini mara ya mwisho? Taarifa ziko wapi? Uliza kwa adabu, na uulize kwa maandishi.

Pili, hudhuria mkutano mkuu. Kijijini unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Hakuna anayeulizwa kadi ya chama pale. Simama, taka taarifa ya kamati isomwe kama inavyosomwa ya mapato na matumizi. Kuna watakaosema tukiuliza hivyo tunawahalalisha wenyeviti wa kupachikwa. Hapana. Kile kiti ni cha wananchi, na mtoto anayepigwa leo hawezi kusubiri mpaka 2029.

Tatu, kila tawi liwe na watu wawili, mwanamke na mwanaume, wanaojua njia yote: afisa ustawi wa kata ni nani, msaidizi wa kisheria ni nani, Dawati lililo karibu liko wapi, hospitali gani ina kituo cha mkono kwa mkono. Namba ya simu ya mtoto, 116, ni bure. Iwekeni kwenye grupu la WhatsApp la tawi, ibaki juu kabisa, juu ya picha za viongozi.

Nne, tusirushe picha za watoto walioumizwa. Najua tunataka kuionyesha nchi ubovu wa Serikali. Lakini ule uso utabaki mtandaoni mpaka mtoto huyo ana watoto wake. Tumsaidie bila kumfanya bango.

Tano, chama kiandike kwenye kanuni zake za maadili: mwanachama anayethibitika kumpiga mwenza au kumfanyia ukatili mtoto, haruhusiwi kushika nafasi ya uongozi. Na hakuna kikao cha chama kitakachoruhusiwa kumsuluhisha mtu kwenye jinai. Wanaotaka kugombea ujana, uanawake, ubunge, wote waulizwe swali hilo mbele ya wajumbe.

Na sita, tutakapoandika ilani, sheria mahususi ya ukatili wa majumbani, yenye amri za ulinzi, iwe humo kwa jina lake. Pamoja na fungu la bajeti la kamati za mitaa linaloonekana kwa tarakimu.

Yule mtoto

Mtaniuliza yaliishaje. Hayajaisha.

Siku iliyofuata nilimtafuta msaidizi wa kisheria wa kata, mama mmoja wa makamo anayeuza duka la vipodozi. Hakunihutubia. Alifunga duka, akavaa kanga yake, tukaenda watatu. Hospitali wakasema mkono una ufa. Afisa ustawi alimwita baba. Akaja, akakana, kisha akanyamaza, kisha akalia. Kuna masharti aliwekewa. Mtoto kwa sasa anaishi kwa bibi yake mzaa mama, anasoma huko. Mama amebaki pale pale na wadogo wawili. Anasema kipigo kimepungua. Sijui nifurahi kwa neno hilo "kimepungua" au nilie.

Nilichojifunza ni kwamba ilituchukua asubuhi moja tu. Asubuhi moja ya watu watatu wasio na cheo. Kabla ya asubuhi hiyo, nyumba yenye watu wazima zaidi ya kumi ilikuwa imesikiliza kwa miezi, na mmoja wao alikuwa anasomea sheria.

Siku ya kuondoka kwenda kwa bibi, yule mtoto alikuja kuniaga akiwa na begi la shule. Nikamuuliza jina lake kamili. Nilikuwa nimekaa naye nyumba moja karibu mwaka mzima. Aliniambia, majina yote matatu, kwa sauti ya darasani.

Naomba nanyi usiku wa leo, mkisikia kilio ukuta wa pili, mvue hedifoni.

*Mwandishi ni mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya sheria na mwanachama wa jumuiya ya vijana.*